Karatasi za Motokaa Kabla ya Mtihani wa Udereva

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na makarani wa Ruanda, wilaya ya Mbinga)



Tuliombwa kuzungumza habari za mtihani wa kuendesha motokaa, kwa kuwa wanachama wanaojifunza sasa si wachache: wengine kwa ajili ya pikipiki zao, wengine kwa motokaa ndogo walizonunua kwa mkopo, na wengine kwa kuwa wanataka kuiacha kalamu waushike usukani. Huenda wengi wenu mlitarajia kwamba tutasema juu ya breki na gia, na jinsi ya kurudi nyuma bila kugonga nguzo. Hayo mwalimu wenu atawafundisha, naye ayajua kuliko sisi. Sisi ni watu wa karatasi. Kwa hiyo tumeona vema kusema juu ya jambo tulijualo, yaani karatasi za motokaa na karatasi za dereva, na kwa nini zapaswa kuwa sawa kabla mtu hajasimama mbele ya mkaguzi.

Twajua kwamba jambo hili laonekana dogo. Mtu husema moyoni, "Nikijua kuendesha, karatasi zitafuata." Twataka kuonyesha leo kwamba neno hilo limepinduliwa kichwa chini. Karatasi ndizo zitanguliazo, na kuendesha ndiko kufuatako. Tena twataka kuonyesha kwamba karatasi hizo hazikuwekwa kwa faida ya askari, wala kwa faida ya serikali peke yake. Ziliwekwa hasa kwa ajili ya mtu ambaye hana motokaa kabisa.

MASWALI MATATU

Tuanze mbali kidogo, ndipo tutarudi nyumbani. Mwaka 1886 huko Ujerumani Karl Benz alipewa hati ya uvumbuzi kwa motokaa yake ya petroli. Miaka 2 baadaye, yaani 1888, ilimlazimu kupata ruhusa ya maandishi kwa watawala wa Baden ili apite nayo barabarani, maana watu walichukizwa na kelele zake na harufu yake. Twaona basi kwamba karatasi ya kuendesha imekaribia kuwa na umri sawa na motokaa yenyewe.

Tazameni na habari za Uingereza, kwa kuwa sheria nyingi za nchi zetu za Afrika ya Mashariki zilitokana na mfano wa huko. Sheria ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, iliamuru kila motokaa iandikishwe na kutiwa namba, na kila dereva awe na leseni. Lakini mtihani haukuwapo. Mtu aliyetimiza miaka 17 alitoa shilingi 5, akapewa leseni yake, akaenda zake. Mwaka 1930 ikatungwa sheria nyingine, kwamba kila mwenye motokaa awe na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayeumizwa, maana watu wengi walikuwa wakigongwa, na waliowagonga hawakuwa na cha kulipa. Mtihani ukawa wa lazima mwisho wa yote, tarehe 1 Juni 1935, na ada yake ilikuwa shilingi 7 na senti za Kiingereza 6.

Sikilizeni utaratibu wake. Kwanza watu waliuliza, "Motokaa hii ni ya nani?" Kisha wakauliza, "Ikimuumiza mtu, nani atalipa?" Na baada ya miaka zaidi ya 30 tangu swali la kwanza ndipo walipouliza, "Je, huyu ajua kuendesha?" Maswali hayo matatu ndiyo yaliyo mbele ya kila mwanagenzi hata leo, na mkaguzi mwenye akili huyauliza kwa taratibu hiyo hiyo. Asiyeweza kujibu la kwanza na la pili hana haki ya kufikia la tatu. Huko Uingereza hata sasa, mtu akifika kwenye mtihani na motokaa isiyo na bima, au bila leseni yake ya kujifunzia, mtihani haufanyiki, na ada aliyolipa yaweza kupotea. Hapana anayemwambia, "Endesha kwanza, tutaona baadaye."

Kwetu Tanzania mambo haya yamo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya sheria zetu. Na habari za bima zimo katika Sura ya 169 inayoifuata. Karani apendaye kusoma na azisome mwenyewe, maana ni aibu mtu wa ofisini kuambiwa sheria na utingo wa lori.

SWALI LA KWANZA: MOTOKAA HII NI YA NANI?

Jawabu la swali hili ni kadi ya gari, itolewayo na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Wengi huitazama kadi hiyo kama watu watazamavyo picha ya harusi: wajua kwamba ipo kabatini, wakaridhika. Twawaomba muitoe kabatini, muisome neno kwa neno mkiwa mmesimama kando ya motokaa. Someni namba ya kibati cha mbele na cha nyuma. Someni namba ya chasisi, mkailinganishe na ile iliyogongwa kwenye chuma. Someni namba ya injini. Someni rangi. Motokaa iliyoandikwa nyeupe ikawa imepakwa bluu, au iliyobadilishwa injini kwa fundi wa Mbinga mjini pasipo kuarifu mtu, ni motokaa ambayo karatasi zake zasema uongo, ingawa mwenyewe hakukusudia kusema uongo.

Kisha someni jina la mwenye mali. Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Motokaa na pikipiki nyingi zifikazo kwetu zimekwisha kupita mikono miwili au mitatu. Mnunuzi hutoa fedha, hupewa ufunguo na kadi, hupeana mikono na muuzaji, na mambo yameisha. Lakini kadi bado yasema jina la muuzaji. Huyo mnunuzi amenunua chuma; mali kwa maandishi bado ni ya mwingine. Muuzaji akifa, warithi wake waweza kuidai. Muuzaji akiwa na deni, mdai wake aweza kuiulizia. Na siku motokaa ikimgonga mtu, polisi wataanza kumtafuta yule aliyeandikwa, huku jamaa za aliyeumia wakingoja. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulio walinzi wa madaftari ya watu wengine tusiache mali yetu wenyewe ipotee kwa namna hiyo. Hati ya mauziano iandikwe, mashahidi watie sahihi, kodi ya kuhamisha umiliki ilipwe, na kadi itoke kwa jina jipya, kabla ya siku ya mtihani na si baada yake.

Na yule ajifunzaye kwa motokaa ya shule ya udereva asidhani kwamba swali hili halimhusu. Shule iwe imesajiliwa, na motokaa yake iwe na karatasi zake. Si utovu wa adabu kumwambia mwalimu, "Bwana Mwalimu, tafadhali nionyeshe kadi na bima ya gari hili nitakalofanyia mtihani." Mwalimu mwema atafurahi. Mwalimu akikasirika, huenda hasira hiyo ina sababu. Mwenye kuazima motokaa ya ndugu au ya rafiki achukue barua fupi ya mwenye mali, yenye tarehe na sahihi, kwamba amempa ruhusa. Sisi tulio makarani hatukosi karatasi ya kuandikia barua hiyo.

SWALI LA PILI: NANI ATALIPA?

Hili ndilo swali tulilotaka hasa kulileta mbele yenu, na twawaomba mlisikilize kwa moyo na si kwa masikio tu.

Itazameni barabara yetu. Mwaka 2011 makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa pale Ntunduwaro, humu humu katika kata ya Ruanda. Tangu hapo malori mazito yamekuwa yakipita njia ya kwenda Kitai, yakichukua makaa kupeleka mbali. Njia hiyo kwa upande wa pili yashuka Lituhi, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Na kule kusini barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ambayo zamani wakati wa masika ilikuwa utelezi na matope, imetiwa lami, na magari yashuka milima ya Umatengo kwa mwendo ambao baba zetu hawakuujua. Ukingoni mwa njia hizi hutembea nani? Hutembea mtoto aendaye shule. Hutembea mama mwenye ndoo kichwani. Hutembea mzee atokaye shambani kwenye ngoro zake, na jembe begani. Hawa hawana motokaa, hawana leseni, hawana karatasi yoyote. Wana miguu yao tu.

Mwanagenzi ni dereva ambaye bado hajui. Hilo si tusi, ndiyo maana ya neno lenyewe. Kwa hiyo siku za kujifunza, na siku ya mtihani yenyewe, ni siku za hatari kupita siku nyingine. Ikiwa siku hizo ndizo ambazo bima imekwisha, au haikuwapo tangu mwanzo, basi mtoto yule akivunjika mguu hapana wa kumlipia ila mfuko wa dereva. Nao mfuko wa karani twaujua ulivyo katikati ya mwezi. Gharama za hospitali, siku ambazo mama yake hatakwenda shambani, mguu ambao huenda usirudi kuwa mguu kamili: haya yote yatamwangukia yule ambaye hakuwa na sehemu katika motokaa ile wala katika furaha yake. Bima ya lazima ilitungwa kwa ajili yake. Asiyelipa bima amechukua riziki ya mtoto huyo kabla hata hajakutana naye.

Yafaa tueleze kidogo, maana wengine huchanganya. Ile watu waiitayo bima ndogo humlipa mtu mwingine aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali, wala haimtengenezei mwenye motokaa gari lake. Ile iitwayo bima kubwa hulipa hayo na kutengeneza motokaa yako pia. Sheria yataka angalau ile ndogo. Mwenye nacho na achukue kubwa. Asiye nacho achukue ndogo. Lakini asiwepo wa kuchukua hewa.

Katika hati ya bima someni mambo manne. La kwanza ni tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. La pili ni namba ya motokaa, iwe sawasawa na ile ya kadi. La tatu ni kazi iliyoandikiwa, maana motokaa iliyokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani haikukatiwa bima ya kuchukua abiria kwa nauli, wala pikipiki ya kwendea kazini si pikipiki ya bodaboda. La nne ni habari za dereva: muulizeni wakala wazi wazi, tena kwa maandishi, kama bima hiyo yamkubali mwanagenzi aliye na mwalimu kando yake. Baada ya hayo ihakikisheni bima katika mtambo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambamo mtu aweza kutafuta kwa namba ya gari kwa simu yake ya mkononi, akaona kama bima yake imo kweli. Mtambo huo ni rafiki wa mnyonge, kwa kuwa karatasi ya uongo haiwezi kujiandikisha humo.

Tuseme mfano. Ndugu mmoja atoka Ruanda alfajiri siku ya mtihani. Amejifunza vizuri, alama za barabarani azijua zote. Motokaa ni ya shemeji yake. Afika, aandikwa jina, na mkaguzi aomba karatasi. Kadi ipo. Bima ipo, lakini ilikwisha usiku wa jana saa sita. Mkaguzi amrudisha. Siku ya kazi imepotea, ruhusa aliyoombewa kwa mkuu wake imepotea, nauli ya mwalimu imepotea, mafuta yamepotea. Ndugu huyu aweza kulalamika kwamba mkaguzi ni mkali. Lakini tuuligeuze mfano: tuseme mkaguzi alikuwa mpole, akamwacha aendeshe, na penye kona ya soko mwanagenzi akakanyaga mafuta badala ya breki. Upole huo ungekuwa wa namna gani? Na huyo huyo aliyerudishwa, je, alirudije nyumbani? Aliendesha tena motokaa ile ile isiyo na bima, njia ile ile wapitayo watoto. Basi hasara yake ilikuwa ndogo sana kuliko alivyodhani.

Tunaongeza shauri moja la watu wa huku kwetu. Wengi wetu, pamoja na mshahara, tunategemea kahawa ya nyumbani. Mavuno huja baada ya masika, na fedha zikiingia huingia pamoja. Mwenye kukata bima na aupange mwaka wake uanze wakati wa mauzo ya kahawa, ili bima isiwe ikiisha miezi ya njaa, Januari na Februari, wakati ambapo ada za shule zimekwisha kula kila senti. Huu si ujanja mkubwa, lakini ni motokaa ngapi zisizo na bima kwa sababu tu tarehe iliangukia mwezi mbaya?

SWALI LA TATU: JE, HUYU AJUA KUENDESHA?

Sasa tumefika kwenye karatasi za mtu mwenyewe. Kumbukeni kwamba kazi imegawanywa: polisi wa usalama barabarani ndio wapimao na kutoa cheti cha ustadi, na TRA ndiyo itoayo leseni. Mtu akikosea kwa mmoja, kosa hilo humfuata kwa mwingine.

Anayejifunza motokaa awe ametimiza miaka 18. Awe na leseni ya kujifunzia, ambayo muda wake umeandikwa, nao huisha upesi kuliko mtu anavyofikiri. Awe na kitambulisho cha taifa au namba yake, na namba ya mlipa kodi. Awe na cheti cha shule ya udereva. Pale panapotakiwa cheti cha daktari, hasa cha macho, kitafutwe mapema, kisiwe cha kukimbiliwa asubuhi ya mtihani. Wakati wote wa kujifunza, motokaa iwe na alama ya L mbele na nyuma, na mtu mwenye leseni ya daraja hilo awe ameketi kando. Na darajani pia watu hukosea: A ni pikipiki, B ni motokaa ya mtu binafsi, C ni magari ya abiria, E ni magari mazito. Aliyeomba B asije na lori la mjomba wake.

Lakini jambo lirudishalo watu wengi ni jina. Katika wilaya yetu twajua jinsi ndimi zetu zilivyo na herufi R na L. Mtu mmoja ni Ndunguru katika cheti cha kuzaliwa, na Ndungulu katika cheti cha shule. Mary hapa, Maria pale. Jina la babu limo huku, kule limeachwa. Kwa jirani zake ni mtu mmoja, kwa mtambo ni watu wawili. Tena sisi wa Ruanda tuna taabu ya peke yetu: mwandishi wa mbali akiandika mahali petu aweza kuandika Rwanda, kana kwamba tumetoka Kigali. Cheko hilo laweza kumgharimu mtu safari mbili za Songea. Basi kila karatasi isomwe kabla ya kuondoka kwenye dirisha ilipotolewa, si baada ya kufika nyumbani. Penye tofauti ya jina, hati ya kiapo ifanywe mapema.

Tusisahau somo la mwaka 2010. Mwaka huo serikali ilipoanza kutoa leseni mpya badala ya zile za zamani zilizokuwa rahisi kughushi, madereva wa magari ya abiria na mizigo waliokuwa wameshika usukani kwa miaka mingi waliulizwa vyeti vyao, na wengi hawakuwa navyo. Walijua kazi, lakini hawakuwa na shahidi. Hata leo, kijana aombaye kazi ya udereva serikalini huulizwa cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E aliyoitumia mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Hapana palipoandikwa, "au watu wamjua kuwa ni hodari."

KARATASI ZILIZOKUFA NA KARATASI ZA UONGO

Yafaa pia tujue karatasi ambazo hazitakiwi tena. Zamani kila mwenye motokaa alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka, akabandika stika kiooni. Ada hiyo iliondolewa mwaka 2017, na nafasi yake ikawekwa nyongeza katika bei ya mafuta. Uingereza nao waliacha karatasi ya duara ya kiooni tarehe 1 Oktoba 2014. Basi mtu akikuambia kwamba atakutafutia stika hiyo kwa fedha kidogo, amekuuzia maiti. Kadhalika motokaa ya nyumbani haihitaji leseni ya LATRA, ambayo ni ya magari ya biashara ya usafirishaji. Lakini anayechukua abiria kwa nauli asijifiche nyuma ya neno hili.

Na hapa hatuna budi kuwataja vishoka. Hawa ni watu wakaao karibu na ofisi, wenye bahasha kwapani, wanaosema kwamba cheti chaweza kupatikana bila mtihani na bima bila bima. Tunajua kwamba wengine hufika hata mezani petu, wakitutaka tuwagongee mhuri nakala ambayo asili yake hatukuiona. Ndugu zetu, muhuri wetu ni ushahidi. Karani anayegonga muhuri juu ya nakala ya cheti cha uongo amemweka barabarani mtu ambaye hakupimwa. Hatamwona siku atakapogonga, wala jina la karani halitaandikwa kwenye taarifa ya ajali. Lakini alikuwamo katika motokaa ile. Malipo yote halali yana namba ya kumbukumbu, na risiti yake hutoka. Malipo yasiyo na namba wala risiti, hata yakipunguzwa bei, ni ghali.

MOTOKAA YA SERIKALI

Neno moja tena, nalo ni chungu kidogo. Motokaa yenye kibati cha STK, STL au SM si ya kujifunzia. Twajua jinsi ilivyo: dereva ni rafiki, ni Jumamosi, uwanja ni mtupu, na mtu ataka kuushika usukani dakika tano. Lakini kitabu cha safari cha motokaa ile hakina nafasi ya kuandika, "Karani alijifunza kona." Ikiharibika, atakayejibu ni dereva, naye ana watoto. Rafiki hamwombi rafiki yake jambo ambalo hawezi kuliandika kitabuni.

MASHAURI YETU

Tumesema mengi, sasa tuyakusanye katika mambo ambayo chama chaweza kuyafanya kuanzia leo, bila kungoja fedha ya mtu.

La kwanza, kila mwanachama aendaye mtihanini apeleke karatasi zake kwa mwanachama mwenzake siku saba kabla, si usiku wa mwisho. Mwenzake asome kila jina, kila namba na kila tarehe, kama asomavyo hati ya malipo. Jicho la pili huona lililozoewa na jicho la kwanza. Siku saba zatosha kukata bima, kusahihisha jina, au kumfuata mwenye motokaa kwa barua.

La pili, karatasi ziwekwe katika jalada moja, na nakala zake katika jalada jingine nyumbani. Masika ya huku hayana huruma na wino. Jalada litiwe katika mfuko wa nailoni, hasa kwa mwenye pikipiki.

La tatu, siku moja kabla ya mtihani motokaa yenyewe itazamwe kama karatasi: taa zote, honi, breki, matairi, vioo, mikanda, pembe tatu za tahadhari na kizima moto. Karatasi nzuri juu ya breki mbovu ni uongo mwingine.

La nne, katibu aandike katika daftari la chama tarehe za kwisha kwa bima na leseni za wanachama watakaokubali, awakumbushe mwezi mmoja kabla. Leseni tangu mwaka 2019 hudumu miaka 5, na kwa sababu ni mingi watu husahau. Bima hudumu mwaka, na kwa sababu ni mmoja watu huahirisha.

La tano, tusimcheke aliyerudishwa na mkaguzi. Tumuulize karatasi gani ilikosekana, tuiandike, ili wa pili asirudishwe kwa sababu ile ile.

Bwana Mwenyekiti, sisi makarani tumezoea kuwaambia wananchi dirishani, "Rudi kesho, karatasi yako haijakamilika." Mzee aliyetoka Ntunduwaro kwa miguu amesikia neno hilo kutoka kwetu, akageuka akaenda. Haitupasi basi kwenda mbele ya mkaguzi tukitaka tufanyiwe huruma ambayo hatukumpa mzee yule. Yatupasa kwenda tukiwa tumetimiza. Na siku ile mwanagenzi wetu atakapowasha injini, mwalimu kando yake na mkaguzi nyuma yake, maswali mawili ya kwanza yawe yamekwisha kujibiwa mezani, ili moyo wake na macho yake yabaki kwa swali la tatu, na kwa mtoto aliye ukingoni mwa njia.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize, na mwenye kujua zaidi na atuongezee.